Kutoka Kiongozi hadi MajiMaji

Gazeti letu lilidumu matoleo matatu. Lilikuwa gazeti la ukutani: kurasa nne za A4 zilizochapwa kwenye steshenari ya nje ya geti, zikabandikwa kwa pini kwenye ubao wa matangazo jirani na kantini. Nilikuwa mwaka wa pili, katika chuo ambacho sitakitaja, kwenye pwani hii hii ya kaskazini. Toleo la kwanza lilikuwa na matokeo ya mpira na shairi la mapenzi ambalo mwandishi wake aliomba jina lake lisitokee. Toleo la pili liliuliza kwa nini maktaba inafungwa saa kumi na mbili jioni wakati mitihani imekaribia. Hakuna aliyeshtuka.

Toleo la tatu lilihusu fedha za tahadhari, zile unazolipa siku ya kwanza ukiambiwa utarudishiwa ukimaliza. Tuliwauliza waliomaliza: mmerudishiwa? Tukaandika majibu yao kama walivyoyatoa. Tuliandika kwa Kiswahili, si kwa msimamo wowote mkubwa, bali kwa sababu Kiingereza cha mhariri kilikuwa cha kujikongoja. Mhariri nilikuwa mimi. Kumbe Kiswahili ndicho kilichotuponza. Walinzi wa usiku walisoma kwa tochi za simu. Mama mmoja wa kantini alimwita mwanafunzi amsomee, akasikiliza hadi mwisho na mwiko mkononi, kisha akauliza: "Na za kwetu za likizo je, mwanangu, hizo hamziandiki?" Kufikia Ijumaa swali lake lilikuwa limewafikia wafagizi na watu wa bustani. Jumatatu asubuhi ubao ulikuwa mtupu, zimebaki pini.

Niliitwa ofisini. Nilikuwa nimejiandaa kutetea kila sentensi, lakini hakuna sentensi hata moja niliyoulizwa. Niliulizwa jambo moja tu: "Nani aliwaruhusu?"

Sikuwa na jibu. Nadhani ni swali hilo lililonipeleka kusoma shahada ya pili ya historia, kwa sababu nilitaka kujua kama kuna gazeti la wanafunzi katika nchi hii ambalo halikuwahi kuulizwa hivyo. Nilitarajia kuanzia Dar es Salaam. Badala yake nilirudishwa huku huku kwetu, Tanga na Muheza na ng'ambo ya maji Unguja, zaidi ya miaka mia moja nyuma.

*

Kwanza, neno lenyewe. Kwa wazee wa Mrima chuo kilikuwa kitabu, na pia mahali mtoto alipokwenda kusoma Kurani. Watu wa pwani hawakuwa wakimngoja mtu aje awafundishe kuandika. Barua, hesabu za biashara, hati za mashamba na tenzi ndefu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu vizazi vingi kabla ya meli ya kwanza ya Mjerumani kutia nanga hapa. Kilichokosekana ni chapa, yaani maneno yale yale yakitoka kwa nakala nyingi, yakaenda kwa watu wasiojuana.

Chapa ilikuja na misheni. Mwaka 1888, katika chuo cha Kiungani, Unguja, kilichokuwa cha misheni ya Kianglikana ya UMCA, walimu na wanafunzi walianza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Ni miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa ya lugha hii. Ulikuwa mwaka mbaya kwa pwani yetu. Pangani ilikuwa imeinuka dhidi ya Kampuni ya Wajerumani, na vita hivyo, ambavyo Bushiri bin Salim aliviongoza, viliisha kwake kwa kunyongwa Pangani hapo Desemba 1889.

Ili kuelewa Msimulizi lilikuwa nini, fikiria wanafunzi wake. Kiungani ilianza kwa wavulana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kijana wa namna hiyo alitolewa kwao akiwa mdogo, na pengine hakuweza kumwonyesha mtu njia ya kurudi. Alipomaliza masomo alitumwa kufundisha bara: Magila katika nchi ya Bonde, Masasi, au kandokando ya Ziwa Nyasa. Ndugu aliokuwa nao ni wale aliolala nao bweni moja. Gazeti ndilo lililomwambia nani ameoa, nani amehamishwa, nani amefariki, na shule ya fulani ina watoto wangapi. Watu hao hawakuwa na kijiji kimoja cha kurudi kupeana habari, kwa hiyo walipeana habari kwenye gazeti.

Katikati ya miaka ya 1890 chapa ya misheni ikavuka bahari. Magila, karibu na Muheza, pakaanza kuchapwa gazeti jingine, Habari za Mwezi. Wakati huo reli ilikuwa ikijengwa kutoka Tanga. Ilianza mwaka 1893 na kufika Muheza mwaka 1896. Gazeti na reli vilikuwa vikielekea bara pamoja.

Nani aliwaruhusu? Padri na askofu. Karatasi ilikuwa ya misheni, na habari zisizomfaa padri hazikuchapwa. Nililiandika hilo kwenye daftari langu kama mtu anayehesabu deni, nikasonga mbele.

*

Deni kubwa zaidi nilikutana nalo Tanga mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 serikali ya Wajerumani ilifungua hapa shule yake ya kwanza katika koloni zima. Haikuwa shule ya dini, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa vijana wa Kiislamu wa pwani. Serikali ilihitaji makarani, walimu, wakalimani na maakida, watu wa kukaa kati ya ofisa mmoja Mjerumani na maelfu ya raia. Tena ilitaka barua za serikali zitoke kwenye herufi za Kiarabu ziingie kwenye herufi za Kirumi, ambazo maofisa wake waliweza kuzisoma. Shule ya Tanga ndiyo iliyokuwa mashine ya mabadiliko hayo.

Shule hiyo ilikuwa na mtambo wa chapa, na wanafunzi walifundishwa kazi yake. Anayezoea kubonyeza kitufe hawezi kuelewa kazi ile mpaka aifikirie kwa vidole. Kila herufi ni kipande cha risasi, imechongwa kinyume. Unaichukua kutoka kwenye kisanduku chake, unaipanga kwenye mstari, unafuata ya pili. Neno kama "wanapowasili" ni vipande kumi na viwili, na ukurasa ni maelfu. Ukimaliza kuchapa, unavitoa vyote na kuvirudisha kimoja kimoja mahali pake. Kijana ambaye babu yake aliandika kutoka kulia kwenda kushoto alijifunza herufi mpya kwa kuzishika kinyumenyume, huku wino ukimwingia kwenye kucha.

Kufikia mwaka 1905 gazeti lililotoka kwenye mtambo huo lilikuwa likisomwa sehemu nyingi za koloni. Jina lake Kiongozi. Lilitoka kila mwezi hadi vita kuu ilipolizima mwaka 1916. Ndani yake kulikuwa na matangazo ya serikali, hadithi, mashairi, na sehemu iliyonishika kuliko zote, habari kutoka mijini. Wahitimu wa Tanga, waliotawanyika kama walimu na makarani, waliandika kutoka Bagamoyo, Kilwa, Lindi, Tabora na kwingineko. Simba amekula mtu. Mvua zimechelewa. Nzige wamepita. Bwana mkubwa mpya amefika. Sikukuu ya kuzaliwa Kaisari imeadhimishwa kwa ngoma na gwaride. Mwisho kabisa huja jina la mwandishi.

Mwaka huo huo wa 1905, mwezi Julai, watu wa Matumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Vilienea kusini kote na kuendelea hadi 1907. Serikali ilivizima kwa risasi na kwa njaa, ikachoma ghala na mashamba. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Na Kiongozi? Lilisimama na serikali. Lilichapa mashairi ya kuwasifu washindi, mashairi yaliyotungwa kwa ustadi wa vina na mizani uliorithiwa kwa wazee wetu, na waliosimangwa humo ni watu waliokuwa wakifa njaa.

Nitasema ukweli: nilipofika hapo nilitaka kuiacha mada. Nilikuwa nimetafuta babu wa gazeti letu la ukutani nikampata mpiga zumari wa bwana mkubwa. Hili gazeti lilikuwa na ruhusa zote, mtambo, karatasi na hata mishahara ya waandishi wake, na hayo ndiyo lililofanya nayo.

Aliyenirudisha kwenye mada ni mzee mmoja wa Ngamiani, jirani wa shangazi yangu. Nilikuwa nimekaa naye barazani nikimweleza hasira zangu.

"Shikamoo babu, nimechoka na Wajerumani," nilimwambia.

"Marahaba mjukuu wangu. Wao walishaondoka siku nyingi. Sasa niambie, hilo gazeti watu walikuwa wakilisoma vipi?"

Nikamwambia kuwa wanaojua kusoma walikuwa wachache, hivyo bila shaka mmoja alisoma na wengine wakasikiliza.

"Basi," akasema, "anayesikiliza hasikilizi lile tu ulilotaka alisikie."

Nilirudi kwenye habari za mijini nikazisoma upya. Serikali ilitaka gazeti la kupelekea amri kutoka juu kwenda chini. Lakini barua ya mwalimu wa Lindi haikuelekea juu wala chini. Ilikwenda pembeni, kwa karani wa Tabora aliyekaa naye darasa moja, na ikasomwa njiani na watu wa Pangani ambao hawakuwahi kuiona Lindi. Mwezi baada ya mwezi, kwa miaka kumi na zaidi, watu wa miji iliyo mbalimbali walizoea kuhesabu mvua ya Ujiji na simba wa Iringa kuwa ni habari zinazowahusu. Ile mipaka ya koloni ilichorwa Ulaya. Kuizoea kama nchi kulifanyika, kwa sehemu, kwenye kurasa zilizopangwa na wanafunzi wa Tanga. Hilo haliyafuti mashairi ya ushindi, na yote mawili yalitoka kwenye mtambo mmoja.

*

Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga na majeshi kutoka India, wakashindwa vibaya na kupanda meli tena. Waliurudia mji Julai 1916 na kuuchukua. Kiongozi likakoma. Waliokuwa wakiliandika walibaki.

Hapa ndipo nilipopata kile nilichokuwa nikikitafuta bila kujua. Mwaka 1922, hapa hapa Tanga, makarani na walimu walianzisha Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Aliyekiongoza ni Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, ambaye wakati wa vita Wajerumani walimweka kizuizini. Ndani ya chama hicho walikaa pamoja Wakristo waliosoma shule za misheni na Waislamu waliosoma shule ya serikali ya Tanga. Ukipenda unaweza kusema walikaa pamoja Msimulizi na Kiongozi. Miaka saba baadaye, Dar es Salaam, kikaundwa Chama cha Waafrika, na kutokana na mti huo mwaka 1954 ikachipuka TANU.

Sitadai kuwa gazeti la shule lilizaa uhuru. Vyama huzaliwa na mishahara midogo, dharau za kazini na mambo mengine mengi. Ninachodai ni kidogo zaidi. Watu waliokuwa wamezoea kuandikiana kwa majina yao, na kujibiwa, hawakuanza sifuri walipotaka kukutana. Mazoea hayo hayakufa. Serikali ya Kiingereza ilipoanzisha Mambo Leo mwaka 1923, habari za miji ziliingia humo. Na humo pia ndimo baadaye mashairi ya karani mmoja mzaliwa wa Tanga, Shaaban Robert, yalipowafikia wasomaji wengi.

*

Ili kuliona gazeti la wanafunzi likiandika bila kumsifu anayelipa karatasi, ilinibidi sasa nishuke hadi Dar es Salaam, nusu karne mbele.

Chuo Kikuu kilianza mwaka 1961, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawafukuza zaidi ya 300. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na pale Mlimani kikaundwa kikundi cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, kikiwa na Yoweri Museveni kama mwenyekiti wake. Novemba 1969 USARF, pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni, walitoa jarida lililoitwa Cheche. Wahariri walikuwa wanafunzi, miongoni mwao Karim Hirji, Zakia Meghji na Henry Mapolu. Halikuwa na mtambo wa risasi. Lilipigwa taipu kwenye stensili, likazungushwa kwenye mashine ya kurudufu na kubanwa kwa pini.

Toleo la kwanza lenyewe lilizua kelele. Mwalimu wa historia, Walter Rodney, aliandika humo. Mwaka 1970 Cheche likatoa toleo maalumu lenye makala moja ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya. Hoja yake ilikuwa kwamba kutaifisha benki na viwanda hakukuwapa wafanyakazi madaraka. Madaraka yalikuwa yakielekea kwa tabaka jipya la wakubwa wa serikali, na makampuni ya nje yalikuwa bado ndani kupitia mikataba ya uendeshaji. Julai mwaka huo Mlimani ilikuwa imepandishwa kuwa chuo kikuu kamili. Novemba, mwaka mmoja tu tangu lizaliwe, Cheche likapigwa marufuku, pamoja na USARF. Vijana waliambiwa kuwa Umoja wa Vijana wa TANU unatosha, na kwamba jina Cheche lina harufu ya Urusi, maana Lenin naye aliwahi kuwa na gazeti lenye maana hiyo hiyo.

Nani aliwaruhusu? Wale waliuliza swali bila kusubiri ruhusa, na wakalipa. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini baada ya Kiongozi macho yangu yalikuwa yamebadilika, na niliona jambo ambalo zamani nisingeliona. Cheche lilikuwa na jina la Kiswahili na kurasa za Kiingereza. Lilizungumzia wafanyakazi kwa lugha ambayo mpishi wa bweni la Mlimani hakuweza kuisoma. Kiongozi lilimsifu bwana mkubwa kwa lugha ya watu wote, na Cheche lilimpinga kwa lugha ya wachache. Moja liliishi zaidi ya miaka kumi, lingine mwaka mmoja.

Vijana hawakukata tamaa. Umoja wa Vijana wa TANU chuoni ulibaki, nao ukaanza kutoa jarida jingine mwaka 1971. Jina halikuwa na harufu ya Urusi safari hii, kwani lilichukuliwa Matumbi. Waliliita MajiMaji.

Nilipoliona jina hilo kwenye rafu ya maktaba nilisimama kitambo. Miaka 65 kabla yake gazeti la shule ya Tanga lilishangilia kuzimwa kwa vita vya Maji Maji. Sasa wanafunzi wa nchi hiyo hiyo walikuwa wamechukua jina la walioshindwa na kuliweka kwenye jalada.

*

Siku hizi chuo changu cha zamani hakina gazeti, ila kina makundi ya WhatsApp. Habari zinapita kwa kasi ambayo wapanga herufi wa Tanga wasingeiamini. Lakini mhula uliopita, mjadala wa malazi ulipopamba moto katika kundi la mwaka wa kwanza, ulikatika ghafla. Mdogo wangu alinionyesha simu yake: wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe. Wiki moja baadaye kundi lilifutwa, na mwanahistoria wa mwaka 2100 hatakuta hata pini.

Nimeacha kutafuta gazeti ambalo halikuulizwa nani alilipa ruhusa. Yote yaliulizwa, na lililoulizwa kidogo zaidi ndilo lililoandika mabaya zaidi. Sasa ninapoliangalia gazeti la wanafunzi nauliza mengine: nani anaweza kulisoma, nani anaweza kuliandikia, na je, atajibiwa? Kwa kipimo hicho toleo letu la tatu lilikuwa limefaulu nusu. Lilisomwa na mlinzi na mpishi. Mpishi akaliandikia, kwa mdomo, akiwa na mwiko mkononi. Sisi hatukumjibu. Tulipoitwa ofisini tulitetea fedha zetu za tahadhari, na za kwake za likizo hatukuzitaja.

Nilipita pale kantini mwezi uliopita. Bado yupo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Lile gazeti lenu liliishia wapi?"

Nilimwambia kwamba liliondolewa. Alisema hilo analijua, alikuwepo. Alichotaka kujua ni kama tuna mpango wa kulirudisha. Nilitoa daftari, ile niliyojazia madeni ya padri na ya Wajerumani, nikafungua ukurasa mpya na kumwomba anieleze habari ya fedha za likizo tangu mwanzo. Akafuta mikono kwenye kanga, akavuta kiti.